Maji Yalikoingilia

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Natumaini hujambo, na kwamba goti lako limekuonea huruma siku hizi za baridi. Wajukuu nao wanaendeleaje? Yule mkubwa ameshaota meno ya mbele, au bado anapiga mluzi kila akitaja jina lake? Nisalimie majirani wote, hata yule wa ukutani anayefungulia redio utadhani mtaa mzima ni viziwi. Yeye msalimie kwa sauti kubwa.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Shemeji yako anakula, ingawa kwa kubembelezwa, na mimi kifua kimetulia. Utaona nyuma ya bahasha kwamba anwani imebadilika. Binti yangu atakuwa ameshakupigia simu kukwambia kuwa boti imezama, na ninavyokujua, utakuwa umelia kwanza ndipo ukauliza kama kuna aliyekufa. Hakuna aliyekufa. Ilizama ikiwa imefungwa hapa gatini, mchana kweupe, bahari imetulia kama maji ya beseni. Watu wa mji huu bado wanalizungumza jambo hilo kila wanapokutana, na wakituona tunapita wanabadilisha maneno.

Sasa tunakaa katika chumba nyuma ya duka la kamba. Kina kitanda, meza yenye mguu mmoja mfupi, na dirisha linalotazama ukuta. Shuka zinanuka katani na lami hata nizifue vipi. Mwenye duka ni mjane mwenye funguo nyingi na maneno machache. Asubuhi akisikia tumeamka hugonga ukuta kwa kidole kutujulisha kuwa maji ya moto yako tayari. Mguu ule mfupi wa meza nimeuwekea kipande cha kadibodi. Zamani nisingethubutu, maana shemeji yako asingeweza kulala chumba kimoja na meza inayoyumba. Siku hizi anaweka kikombe juu yake, kikombe kinacheza, naye anakitazama tu.

Dada, nataka nikusimulie yote tangu mwanzo, kwa sababu kwenye simu sikuweza. Simu tunayo moja, na yeye hupenda kuweka sauti ya nje ili asikie salamu zake kwa masikio yake. Kuna jambo ambalo sikumwambia hata binti yangu. Nitalifikia. Niache nilifikie polepole, maana hata mkono unasita.

Unakumbuka shemeji yako alivyokuwa akiijenga ile boti. Ulikuja kututembelea ukakuta mbavu zake zimejaa uani, kamba za kuanikia nguo nimezihamishia jikoni, ukaninong'oneza ukiuliza kama huyu mume wangu anachonga jeneza la tembo. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alikuwa fundi wa milango, vitanda na madawati. Boti hakuwahi kujenga hata ya mtoto kuchezea. Alijifunza kwa kwenda kuzitazama boti za watu zikiwa zimepandishwa nchi kavu, anazipapasa, kisha anarudi nyumbani mbio kabla hajasahau. Mimi nilikuwa namshikia ubao, nampa msumari, namsema taratibu. Aliniahidi kwamba siku atakapoacha kazi tutaishi humo, tuzunguke pwani nzima mji kwa mji, ile midogo ambako meli kubwa hazisimami na mabasi yanafika kwa bahati. Alikuwa akisema miji mikubwa yote ni pacha, lakini midogo kila mmoja una wazimu wake.

Basi tulipomwachia binti nyumba tukahamia majini, na nisiwe mwongo, mwanzoni nilifurahi kama msichana. Nilikuandikia habari za mji wa kinyozi anayetengeneza na saa, ukiketi kwenye kiti chake unasikia saa ukuta mzima zikibishana. Nilikuandikia habari za mji wa chumvi, ambako milango yote ni myeupe hadi usawa wa goti na watu wanazungumza macho nusu yamefumbwa kwa ajili ya mwanga. Sijui kama nilikuandikia ule ambao kivuko chake hakiji tena tangu daraja lijengwe. Mkata tiketi bado anafungua dirisha lake kila asubuhi, anafuta vumbi, anasoma gazeti, anafunga. Shemeji yako alipomwona hakucheka kama mimi. Alikwenda akamtengenezea kiti kipya, kwa sababu kile cha zamani kilikuwa kinamuumiza mgongo.

Ndivyo alivyokuwa kila tulipotia nanga. Wengine wakifika mji mgeni wanauliza hoteli iko wapi. Yeye alikuwa anauliza nani ana mlango unaokwama. Alikuwa hawezi kuondoka mpaka aurekebishe. Ukinitembeza leo katika mji wowote wa pwani hii, sitakumbuka jina la mtu, lakini nitakuonyesha milango inayofunga vizuri. Na jioni alikuwa akirudi botini anapiga mluzi, ana vumbi la mbao kwenye nyusi, ananiuliza mke wake amegundua nini leo. Nami nilikuwa namweleza vichochoro nilivyopita na wanawake niliozungumza nao kisimani, naye anasikiliza kama vile anasimuliwa habari za ufalme.

Baadaye nilichoka, dada. Hilo sikuwahi kukuandikia. Barua zangu zote zilikuwa za furaha kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akizipeleka posta, na mimi nilikuwa nataka zifanane na uso wake. Godoro lilikuwa halikauki. Nikitaka kugeuka kupika lazima yeye aketi. Akitaka kuvaa suruali lazima mimi nitoke nje. Mvua ikinyesha wiki nzima tulikuwa tumejifungia na harufu ya dizeli, magoti yangu yanagongana na yake, naye ana raha zake, anachora ramani ya mji unaofuata. Miji nayo ikaanza kunichosha. Barabara moja, mbwa wamelala katikati, dirisha linafunguliwa, jicho linachungulia, dirisha linafungwa. Nikawa nashuka, natembea mpaka mwisho wa barabara, nasimama, narudi. Akiniuliza nimegundua nini, natunga. Nilikuwa namwonyesha meno tu, ndani nimekauka.

Sasa sikiliza kilichofuata. Katika mji uliotangulia huu, maji yalipokupwa, boti ilikaa mchangani tukawa tunaiosha. Akapita fundi mmoja wa boti, mtu mrefu mwenye shingo iliyopinda, watu wa huko wanamwita Msumari. Shemeji yako alikuwa amekwenda kutafuta mlango wake wa siku hiyo. Yule fundi akasimama, akaangalia michirizi ya kahawia iliyokuwa inashuka ubavuni mwa boti kutoka kwenye vichwa vya misumari, akatikisa kichwa kama daktari. Akanieleza kwamba hiyo ni kutu, kwamba boti inataka misumari ya shaba, na aliyeijenga hii ametumia chuma kama anayepigilia kitanda. Alisema kutu hiyo inaila mbao kutoka ndani, na kwamba siku tutakapokutana na mawimbi ya kweli ubavu utafunguka mara moja, bila kutuonya. Kisha akanitakia safari njema akaenda zake.

Nilipomwambia shemeji yako, alicheka. Alisema huyo ni fundi anayetafuta kazi, na kwamba misumari ya chini yote ni shaba, aliipiga yeye mwenyewe. Mimi sikuridhika. Nilikumbuka kuwa mwishoni mwishoni mwa ujenzi misumari mizuri ilimwishia, akawa anatumia ya kawaida, kopo nililishika mimi kwa mikono yangu. Ni misumari mingapi na ilikwenda wapi, sikukumbuka. Nikamuuliza tena, akanijibu kwa upole wake ule ule, ule unaofunga mazungumzo. Tangu hapo kila boti ilipolia usingizini nilikuwa nashtuka nikidhani ndiyo inafunguka.

Tukaja hapa. Na hapa ndipo aliponiambia safari inayofuata. Baada ya mji huu pwani ni majabali matupu, hakuna bandari wala ghuba ya kujificha, mpaka ufike mji mdogo wa mwisho ulio juu ya mwamba, wenye mnara wa taa. Mwendo mrefu, bahari iliyo wazi. Mji huo aliuweka wa mwisho tangu siku ile anapiga ubao wa kwanza uani. Nilimsihi. Nilimwambia tuuache, tumeona ya kutosha. Nilimwambia habari ya misumari kwa mara nyingine, na safari hii nilipiga kelele, watu wa gatini wakageuka. Hakukasirika. Alinishika bega akasema kuwa kama naogopa nipande basi, nizunguke kwa bara, yeye atanikuta kule. Alisema kwa mapenzi, dada, kama anayenipunguzia kazi. Mimi nilichosikia ni kwamba atakwenda peke yake na nitamsubiri kwenye mwamba mtu asiyekuja.

Siku chache baadaye boti ikazama. Alikuwa zahanati, ambako mlango wa chumba cha sindano ulikuwa haufungi na wagonjwa walikuwa wanaona aibu. Muuza samaki mmoja ndiye aliyekimbia kumwita. Alikuja mbio na randa mkononi, maganda ya mbao bado yamening'inia. Juu ya maji palikuwa pamebaki mlingoti tu, na ndoo yangu inaelea. Hakuitazama boti. Aliuliza mke wake yuko wapi, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, na aliponiona nimesimama pale gatini, nimelowa mpaka shingoni, alikuja akanikumbatia mbele ya watu wote. Alidhani nilikuwa nimeingia kuokoa vitu. Akanishukuru kwa kujaribu, akaniambia kwamba vitu si kitu.

Boti ilivutwa na mzee wa winchi, yule anayepandisha boti za samaki ufukweni. Ilipokauka wakaikagua pamoja. Mzee wa winchi aling'oa misumari ya chini kwa koleo, huku na huku, mbele na nyuma, na kila alioutoa ulikuwa wa shaba, mwekundu, safi kama umepigwa jana. Ya chuma ilikuwa kwenye ule ubao mwembamba wa juu tu, wa kuzuia boti isikwaruzwe na gati, uliowekwa mwisho kabisa. Michirizi ya kahawia ilitoka huko. Ubao ule ungeweza kuanguka wote na boti isingejali. Kisha wakajaza maji ndani ya boti kwa ndoo wakakaa nje kutazama yatavujia wapi. Halikutoka tone. Mzee wa winchi akampa mkono shemeji yako, akamwambia kwamba wapo watu wanajenga boti maisha yao yote na hawajafikisha kazi ya namna hii. Akaushe injini, aende zake. Shemeji yako akamuuliza, kama ni hivyo, imezama kwa nini. Yule mzee akakuna kichwa, akasema hajui.

Tangu siku ile swali hilo ndilo mlo wake. Boti iliyozama bila sababu, anasema, hawezi kumpandisha mtu ndani, kwa kuwa itazama tena bila sababu. Mimi namwona anavyoondoka kidogo kidogo. Mlango wa zahanati hakuumaliza. Alikwenda akamwomba muuguzi radhi, akamshauri atafute fundi mwingine, usije ukamwangukia mgonjwa. Patasi zake amempa fundi viti wa mtaa wa pili. Mjane wa duka la kamba alipomuuliza kazi yake, alimjibu kuwa alikuwa seremala. Alikuwa! Binti yetu ametuomba turudi nyumbani, chumba chetu kipo, na yeye amekataa. Badala yake amemwambia awahamishe watoto kutoka chumba cha kati, kwa sababu paa lile alilipaua yeye na hajui tena mikono yake ilifanya nini. Binti akalia. Aliposhikwa na kilio kile mimi nilikuwa nimekaa pembeni, simu ikiwa sauti ya nje, nauma shuka.

Sasa nimefika pale nilipokuwa napakwepa. Dada, boti haikuzama yenyewe. Niliizamisha mimi.

Chini ya sakafu ya boti kulikuwa na bomba linalotoboa mpaka baharini, lenye koki. Ukiifungua, maji ya bahari yanapanda yenyewe, unajaza ndoo ya kuoshea sitaha na masufuria. Koki hiyo ilikuwa na sheria, na ndiyo sheria pekee ambayo shemeji yako hakuwa na mzaha nayo: mtu haweki mguu gatini kabla hajahakikisha imefungwa. Mwanzoni alinirudisha mara nyingi kama mtoto wa shule, hata nikiwa nimeshafika sokoni, mpaka mkono wangu ukajifunza. Mwishowe nilikuwa naigusa bila kujua kuwa nimeigusa.

Asubuhi ile alipokwenda zahanati niliinua ubao wa sakafu, nikaifungua mpaka mwisho, nikakaa kwenye ngazi nikiyatazama maji yakipanda. Nilikuwa nimeshapanga. Boti ikizama pale gatini hakuna atakayekufa. Yeye ataikuta koki wazi, atajua mke wake mzembe amesahau, atanikasirikia, labda atanikasirikia sana, kisha tutaishi nchi kavu kama watu. Nilitaka lawama iwe yangu, nakuapia. Maji yakafunika jiko. Yakafunika kitanda. Na nikwambie ukweli, kwa kuwa nimeshaanza: yalipofunika kile kitanda nilisikia raha. Sio hofu peke yake iliyoifungua koki ile. Nilikuwa nimeichukia boti, na sikuwa na ujasiri wa kumwambia aliyenijengea.

Yaliponifika kiunoni na ukingo ukawa unakaribia kulingana na bahari, niliinuka nitoke. Hapo, dada, mkono wangu ukafanya ulichozoea. Sikuutuma mimi. Nilichutama mpaka maji yakanifika kidevuni, nikaipapasa koki, nikaifunga, nikaikaza barabara kama nilivyofundishwa, ndipo nikapanda ngazi nikashuka gatini. Nimesimama pale, nguo zinachuruzika, ndipo akili ikanirudi nikajua nimefanya nini. Nikageuka nirudi kuifungua. Ikapita boti ya samaki, ikasukuma wimbi dogo tu, la kuchezea watoto, likamwagika juu ya ukingo, na nyumba yetu ikashuka mbele ya macho yangu.

Kama ningeiacha wazi angenilaumu mimi. Kwa kuwa niliifunga, analaumu mikono yake.

Utasema nimwambie, yaishe. Najua. Neno moja langu linamrudishia boti, mikono, randa, paa la wajukuu, kila kitu. Lakini unamjua. Huyu si mtu wa ngumi wala matusi, huyu ni mtu wa kunyamaza. Unakumbuka kaka yake alivyoharibu ile mashine ya kupasulia mbao akaificha, akasema imeibwa. Walikaa nyumba za kutazamana mpaka yule kaka akafa, na shemeji yako hakuwahi kumwambia hata habari za asubuhi. Alimchongea jeneza zuri sana. Mimi nitanyamaziwa vipi, mimi aliyenikumbatia mbele ya watu nikiwa nimelowa kwa maji yale yale? Na nikinyamaza mimi, namtazama anavyokufa akiwa hai, kwa kosa ambalo hakulifanya. Sina mbele wala nyuma. Mchana namwandalia chakula, nakaa mkabala naye, nafungua mdomo niseme, na linalotoka ni kumuuliza kama chumvi imetosha.

Kila siku anakwenda ufukweni, anaingia ndani ya boti, anapapasa mbao moja moja kwa kiganja akitafuta maji yalikoingilia. Anaweka sikio. Ananusa. Watoto walikuwa wanamcheka, sasa wameacha. Jana aliniomba niende naye nimshikie tochi, kwa kuwa humo tumboni mna giza na macho yake yamechoka. Nikaenda. Nikamshikia, dada. Nilikuwa namulika kila anapoonyesha, naye anapitisha kidole kwenye kila kiungo, akitaja siku alipokipiga na hali ya hewa ilivyokuwa uani siku hiyo. Tukafika kwenye koki. Akaifungua, akaifunga, akaitazama, akasema haina neno. Kisha akanigeukia akaniambia kuwa hilo ndilo jambo lililomsaidia kidogo katika msiba huu, kwamba angalau mmoja wetu kazi yake aliifanya vizuri. Alimweleza hata mzee wa winchi kwamba mke wake hajawahi kuiacha koki wazi hata mara moja. Niliishusha tochi, mwanga ukaangukia miguuni. Akafikiri nimechoka, akanichukulia, akaniambia nikapumzike.

Ndiyo sababu ya barua hii. Miwani yangu ilikwenda na boti, na huku hakuna pa kupata nyingine. Naandika kwa kalamu nene, mistari inapishana, natumai unaisoma, lakini kusoma mwandiko wa mtu siwezi kabisa, sembuse wako wa sisimizi. Barua zako ananisomea yeye. Ile ya mwisho, iliyotufuata kutoka mji wa nyuma, alinisomea tukiwa tumekaa kitandani, akaigiza na sauti yako, na kwa muda ule mfupi alikuwa mume wangu wa zamani. Kwa hiyo utakachoniandikia, kitapita mdomoni mwake kwanza. Ukinijibu kuhusu koki, atakisoma kwa sauti, atafika katikati ya sentensi, na itakuwa imekwisha. Ukiniandikia habari za goti na wajukuu na redio ya jirani, nitaelewa, na neno hili sitalitamka tena mpaka mnifukie.

Najua nimekutwisha mzigo usio wako, na kwamba huu ni woga mtupu. Nimejitukana vya kutosha, huna haja ya kuongeza. Lakini tangu utotoni nikivunja kitu wewe ndiye uliyekuwa unakwenda kumwambia baba, na mimi nasubiri nyuma ya mlango nikisikiliza sauti itakavyokuwa. Nimezeeka, dada, na sijajifunza njia nyingine. Nipo nyuma ya mlango.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Wajukuu uwabusu, na goti ulikande kwa mafuta ya moto kabla ya kulala, usilipuuze. Shemeji yako hajui kama nimekuandikia. Yuko ufukweni, na barua hii nitaipeleka posta mwenyewe kabla hajarudi. Lakini angejua angekuletea salamu nyingi, na angetaka kujua kama ule mlango wako wa uani aliokurekebishia bado unafunga vizuri. Ukipenda, mjibu hilo.

Wako akupendaye,
mdogo wako, yule mliyekuwa mkimwita Kasuku.